Barua kwa mwanangu, kuhusu Githeri

Mwanangu, mama yangu,

Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mengi, lakini swali moja umelirudia karibu kila ukurasa: kama ungemkagua mbwa wetu Githeri kupe vizuri zaidi likizo iliyopita, angekuwa hai? Nakujibu hata kabla ya salamu. Hapana. Si wewe. Nitakueleza kwa nini, maana nakujua: ukiambiwa "hapana" peke yake utadhani baba anakubembeleza.

Kilichomuua ni homa ya kupe, ile inayoletwa na kijidudu kiitwacho erlikia. Anayekisambaza ni kupe wa kahawia, yule yule uliyekuwa ukimng'oa kwa kibano na kumtumbukiza kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Kupe huyu hahitaji msitu. Anaishi pale pale anapolala mbwa, anapanda ukuta, anajibanza kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Aliyebeba kijidudu anaweza kumwambukiza mbwa saa chache tu baada ya kumng'ata. Saa chache, mama. Hata ungemchana manyoya asubuhi na jioni, kupe mmoja aliyepita katikati angetosha.

Halafu ugonjwa wenyewe hujificha. Mbwa hupata homa kwa wiki chache, anakataa chakula, kisha anaonekana amepona. Anakula, anabweka, manyoya yanang'aa. Kumbe kijidudu kimebaki mwilini, na kinaweza kukaa humo miezi, hata miaka, kabla ya kuanza kuuharibu uboho, mle ndani ya mifupa damu inakotengenezwa. Daktari wa mifugo wa Kabete hakuweza kutaja siku Githeri alipoambukizwa. Lakini nilipomweleza alikookotwa, karibu na jaa la Dandora, akiwa amejaa kupe mpaka ndani ya masikio, alisema inawezekana kabisa alikuja nacho kwetu. Pengine alikuwa nacho hata kabla hujamwona.

Unakumbuka tulivyompata? Ulitaka mtoto wa mbwa, mnene, wa kuchezea. Tulipofika KSPCA, kile kituo cha kutunza wanyama waliookolewa, pale Barabara ya Lang'ata uliwapita watoto wote ukasimama mbele ya huyu aliyegeukia ukuta. Madoa meupe, ya kahawia na meusi kama sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, ndiyo sababu jina halikutupa shida. Mhudumu alitwambia ukweli bila kuficha: amepigwa, anaogopa, atachukua muda. Mama yako alinitazama. Wewe ulikuwa umeshaketi sakafuni.

Na kweli alichukua muda. Mfagio ukiguswa tu, anakimbilia chini ya tangi la maji. Mkate ukimpa, hali mbele yako. Anaubeba na kuuficha nyuma ya jiko la makaa, tukawa tunaokota vipande vyenye ukungu. Hakubweka kabisa. Majirani wakauliza tulimleta wa kazi gani. Wewe ndiye uliyeanza kwenda kufanya kazi zako za shule pale kwenye tangi, ukisoma kwa sauti, bila kumwita wala kumgusa. Hakuna aliyekufundisha hivyo. Mimi nilikuwa nakuona kutoka dirishani, na nikasubiri kuona ni nani kati yenu atasogea kwanza. Alisogea yeye. Siku alipombwekea kwa mara ya kwanza yule mtu wa kununua vyuma kuukuu, ulipiga kelele mpaka Uthiru nzima ikajua.

Hayo ndiyo uliyomfanyia. Yaweke kwenye hesabu yako pamoja na hao kupe.

Sasa mwisho wake. Nitakuandikia kama ulivyo, kwa sababu umeuliza na una haki ya kujua. Alianza kutokwa damu puani, kidogo tu, tukadhani amejigonga. Kesho yake ufizi ulikuwa mweupe. Nilimpeleka Kabete wakampima. Mbwa mzima huwa na chembe za kugandisha damu kuanzia 200,000 hivi katika kila mikrolita. Za Githeri hazikufika 20,000. Akaanzishiwa doksisaiklini, dawa ambayo kwa kawaida hupewa kwa siku 28, na ambayo huwaponya wengi wakiwahiwa kabla uboho haujaguswa. Alihitaji pia damu. Mwenye duka la mabati kule Kinoo, yule unayemwona mkali, alileta mbwa wake mkubwa atoe, na akakataa hata pesa ya mafuta.

Damu ile ilimpa siku nzuri chache. Alikula maini. Alitoka akaota jua. Kisha puani tena, na safari hii miguu ikakataa. Daktari alisema uboho hautengenezi tena, na kuongeza damu nyingine ni kumwongezea mateso. Nilitia sahihi, na ningeitia tena leo. Ile sindano ni dawa ya usingizi, kipimo kikubwa kuliko cha upasuaji: mbwa hupoteza fahamu kwanza, ndipo moyo unasimama. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Hakuogopa. Huyu aliyekuwa akikimbia mfagio, mama, hakuogopa.

Tumemzika kwa nyanya yako, Shosho, kule Limuru. Unajua Shosho hajawahi kuruhusu mbwa apite mlangoni. Alichimba nasi.

Nimesikia umeambiwa huko bwenini kwamba ni mbwa tu, mzazi atanunua mwingine. Usibishane nao. Lia unavyotaka. Aliyekungoja getini kila ulipofunga shule ameondoka, na mtu haombi ruhusa kumlilia. Mwalimu wako wa darasa nimempigia, anajua. Ukizidiwa katikati ya somo, mwambie utoke kidogo.

Umesema hutaki mbwa mwingine milele. Sawa, sitaleta mbwa hapa bila neno lako. Ndugu yako ananisumbua kila jioni twende Lang'ata, na nimemwambia asubiri. Isitoshe, kupe anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo banda nimelichoma, nyufa zote nimeziziba kwa saruji, na mtu wa dawa atarudi kupuliza tena kabla hujafunga shule. Hilo lingefanyika vyovyote vile.

Siku ya wazazi tutakuja mapema, na Shosho amesema naye habaki nyumbani. Nitakuja na picha zote zilizo kwenye simu. Maswali yaliyobaki yaandike ili usiyasahau, hata yale ya kunikasirikia, na nitayajibu moja moja.

Baba yako