Siku 30 hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Baba yangu alipasuliwa tumbo usiku wa manane. Utumbo ulikuwa umetoboka na usaha umetapakaa, lakini kulipokucha alikuwa hai. Madaktari wale nawashukuru mpaka leo. Siku ya 12 akaruhusiwa na karatasi yenye agizo moja tu: arudi kutolewa nyuzi. Zikatolewa, faili likafungwa. Miezi mitatu baadaye mkanda wake ulikuwa na matundu mawili mapya, aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari, na akienda chooni alisimama njiani kushika ukuta, apumue kwanza. Mwezi wa nane tangu apasuliwe, nimonia ikamchukua. Kwa hesabu za hospitali, baba ni mgonjwa aliyepona.

Hesabu inayotumika sana ni ya siku 30: mgonjwa yu hai au la siku 30 baada ya upasuaji. Uingereza na Wales wana ukaguzi wa kitaifa wa upasuaji huu wa dharura wa tumbo, ulioanza kukusanya takwimu mwaka 2013. Tangu hapo vifo vya siku 30 vimeshuka kutoka karibu 12 hadi karibu 9 kwa kila wagonjwa 100, kwa kuwahi vipimo na antibiotiki, bingwa kuwapo chumba cha upasuaji, na walio hatarini kupelekwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Ni kazi kubwa. Ila wagonjwa wa mwanzo walipofuatiliwa, zaidi ya mmoja kati ya watano hawakumaliza mwaka. Maana yake karibu nusu ya vifo hivyo vilikuja baada ya siku 30, wakati hakuna tena anayehesabu.

Kati ya waliokufa wapo waliokuwa na saratani, hilo halikwepeki. Lakini mzee anayelala kitandani hupoteza misuli ndani ya siku chache tu, na maambukizi ya tumboni humla zaidi. Ukaguzi huohuo umeonyesha kuwa wazee walioonwa na daktari bingwa wa wazee baada ya upasuaji walinusurika zaidi. Kwa nini basi karatasi ya ruhusa isiwe na tarehe za kupimwa uzito, mazoezi ya kutembea, chakula cha kujenga mwili, na simu ya muuguzi kila mwezi? Baba alipimwa uzito siku aliyolazwa, basi.

Na familia tuambiwe ukweli tukiwa bado wodini, kwamba hatari haijaisha. Ningelijua, nisingemwacha alale mchana kutwa nikidhani anapumzika ili apone.

Msomaji wenu