Barua ya wazi kwa dada yangu wa Kisumu: Watoto na waipime Olimpiki kwa miguu yao

Dada mpendwa,

Umeniuliza jinsi ya kuwaandaa wapwa wangu kwa Michezo ya Olimpiki itakayoanza Los Angeles tarehe 14 Julai 2028, ukanieleza kwamba tayari umewatafutia picha za bendera za kupaka rangi. Bendera ni njema, lakini nakusihi usiishie hapo. Mtoto wa gredi ya nne humsikia mtangazaji akitaja dakika, sekunde na mita, na zote zikampita, kwa sababu hajawahi kuzipima kwa mwili wake mwenyewe. Toka nao nje.

Anza na mita 800. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia aliyechunga ng'ombe utotoni, alitwaa dhahabu ya mbio hizo mjini Paris tarehe 10 Agosti 2024 kwa dakika 1 na sekunde 41.19. Hakuna mtoto atakayemfikia, ila watoto wanane wanaweza kugawana umbali huo, kwa hiyo waite na wa majirani. Pima mita 100 uwanjani kwa kamba ya katani, chora mstari wa majivu kila upande, kisha wapange wanne huku na wanne kule, wapokezane gunzi la mahindi badala ya kijiti, huku mkubwa mmoja akishika simu na kupima muda. Kila mtoto akitumia sekunde 18, wote kwa pamoja watamaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, na wakati huo Wanyonyi atakuwa amekwisha kuvuka mstari sekunde 42 na zaidi kabla yao. Waache wagawanye wenyewe kwenye daftari hadi waone kwamba alitumia wastani wa sekunde 12.65 kwa kila mita 100, tena bila mtu wa kumpokea gunzi.

Hapo usiharakishe. Marco Arop wa Kanada alimaliza wa pili kwa dakika 1 na sekunde 41.20, yaani tofauti ya sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Kwa mwendo wao wa wastani, muda huo ni sawa na umbali wa sentimita 8 hivi. Weka kiganja chako juu ya mstari wa majivu, watoto wauone upana huo, uwaambie kwamba hicho ndicho kilichotenganisha dhahabu na fedha. Sijui njia nyingine ya kufundisha desimali inayomwingia mtoto kwa wepesi kama hii.

Siku nyingine kata kamba ya mita 8.95 na uilaze chini. Ndivyo alivyoruka Mike Powell wa Marekani, katika mchezo wa kuruka mbali, mjini Tokyo mwaka 1991, na rekodi hiyo ya dunia bado ni yake. Kila mtoto aruke, achomeke kijiti alipotua, apime, kisha aandike kipimo na tarehe. Tafadhali, kila mmoja ashindane na alama yake ya juma lililopita, si na ya kaka yake, maana mdogo anayeshindwa kila jioni ataichukia kamba na hesabu kwa pamoja.

Mkuki uwe bua la mahindi, na wote wakae nyuma ya anayerusha. Waonyeshe milima ya Nandi mnayoiona kutoka huko, uwaambie kwamba upande ule ndiko alikozaliwa Julius Yego, aliyejifunza kurusha kwa kutazama video kwenye intaneti, na ambaye mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia mjini Beijing kwa mita 92.72. Simu unayoilalamikia kila siku inaweza kutumika hivyo pia.

Kuhusu saa, usiwakeshe. Fainali ya saa kumi na moja jioni huko Los Angeles itakuwa saa tisa usiku kwenu, na watoto wana shule asubuhi. Badala yake chukua chungwa na tochi, tia nukta ya Kisumu na ya Los Angeles, zima taa, kisha wao wenyewe walizungushe taratibu kuelekea mashariki hadi waeleze kwa nini jua linawaka kule wakati kwenu ni usiku wa manane. Matokeo watayasikia asubuhi, na mmoja wao ayatangaze mezani kama mtangazaji wa redio, kwa Kiswahili sanifu.

Jambo la mwisho ni la babu. Mwaka 1968 Kipchoge Keino alishinda mita 1500 huko Mexico, na babu alikuwa kijana tayari. Watoto waende na daftari, wamuulize habari zile zilimfikia vipi, alikuwa wapi, na watu walisema nini. Maswali wayatunge wenyewe, majibu wayaandike kwa maneno ya babu jinsi alivyoyasema, kisha unitumie nakala. Mimi sijawahi kumuuliza, na ninatamani sana kuyasoma.

Wasalimie wote.

Kaka yako,
Nakuru