Mtoto ajue kupokea pasi kabla ya mechi

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, na raga ya utepe naipenda kwa dhati. Hakuna kuangushana wala kupiga mpira teke. Kila mchezaji huvaa mkanda wenye tepe mbili, na anayemfukuza mwenye mpira huchomoa utepe mmoja badala ya kumkamata. Wavulana na wasichana hucheza pamoja.

Linaloniuma ni kuona tunakimbilia mechi. Mtoto mmoja mwenye mbio hupewa mpira, akazunguka pembeni, akafunga trai, yaani bao la raga, na wenzake humtazama kwa mbali. Wapo wanaomaliza mechi nzima hawajaugusa mpira. Halafu tunasema hawana kipaji!

Utepe ukishachomolewa, mwenye mpira anatakiwa kutoa pasi ndani ya sekunde 3, na pasi hairuhusiwi kwenda mbele. Hapa ndipo watoto wanapochanganyikiwa, hasa waliozoea soka, kwa sababu wao huomba mpira wakiwa mbele ya mwenzao. Kwa hiyo mimi huanza na mpokeaji: abaki nyuma kidogo ya mwenye mpira, ainue mikono usawa wa kifua, vidole wazi, na aite. Mikono ikionekana, mtoaji anajua pa kulenga. Pasi nyingi zinazoanguka tunamlaumu aliyerusha, kumbe mpokeaji hakuwa tayari.

Mtoaji naye ashike mpira kwa mikono miwili, amtazame mwenzake, apitishe mikono mbele ya mwili na kumalizia vidole vikimwelekea. Ile pasi ya kuzungusha mpira wanayoiona kwenye televisheni ingoje. Mpira uwe namba 3 au 4; namba 5 ni wa watu wazima, na mikono midogo haiumudu. Kila upande, kulia na kushoto, upate zamu yake.

Tuwaweke wanne wanne, wamejipanga mshazari, watembee wakipasiana, kisha wakimbie polepole. Foleni ndefu ya kungojea zamu inakula kipindi bure. Wakishazoea, washambuliaji wawili wamkabili mlinzi mmoja. Mwenye mpira amwendee mlinzi mpaka amvute kwake, ndipo aachie. Zoezi hili nalithamini kuliko yote, maana hapo ndipo mtoto anapotambua pasi itoke wakati gani. Akiachia mapema, mlinzi anageuka kumfuata mpokeaji. Akichelewa, utepe umekwenda.

Ombi langu kwa waandaaji wa mashindano ya shule za msingi: kwa madarasa ya chini, trai isihesabiwe mpaka angalau wachezaji watatu wa timu wameshika mpira katika shambulizi hilo. Sheria hii haihitaji vifaa vipya. Mwamuzi mmoja anayehesabu kwa sauti anatosha, na inaweza kuanza kutumika muhula ujao.

Mwalimu wa michezo, shule ya msingi