Pesa imetumwa, namba unayo, mbona dirishani hatukupi?

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ya Ghuba ikishatoka, foleni ya duka letu la kulipa pesa zilizotumwa kutoka nje, hapa Mombasa, hufika barabarani. Na hakuna foleni isiyokuwa na mtu atakayerudi nyumbani mikono mitupu. Si kwamba pesa yake haipo. Ipo, na keshia anaiona kwenye skrini. Kinachokwama ni jina.

Mara nyingi huwa hivi. Mama amekuja na namba yake ya kupokelea pesa ya Western Union, tarakimu 10, kaiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Aliyetuma ni mdogo wake anayefanya kazi Doha. Keshia anaingiza namba, anatazama skrini, anatazama kipande (kitambulisho) cha mama, anatazama skrini tena.

"Mama, hapa pameandikwa Aisha Salim. Kipande chako ni Mwanaisha Salim Omar."

"Si ndiye mimi huyo? Mtaa mzima waniita Aisha."

"Sikatai, mama. Lakini kwa hili siwezi kukulipa."

Hapo ndipo sauti hupanda, na tunaelewa kwa nini. Mtu amepanda matatu mbili na nyumbani wanamngoja na unga. Lakini keshia hana ruhusa ya kuamua kwamba Aisha na Mwanaisha ni mtu mmoja, hata kama anaishi mlango wa pili. Sheria ya Kenya ya 2009 ya kuzuia utakatishaji wa fedha inatutaka tuhakikishe anayepokea ni nani na tuweke kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua 7. Kenya ilipoingizwa Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, jicho la wakaguzi lilizidi kuwa kali. Ndiyo maana hata mteja wetu wa siku zote tunamwuliza pesa inatoka kwa nani na ni ya nini. Hatupekui maisha ya mtu, twajaza fomu.

Jina la kati likikosekana, kwa kawaida twaweza kupitisha. Jina la kwanza au la mwisho likiwa jingine, hapana. Majina yetu ya Pwani ndiyo yanayosumbua zaidi, kwa sababu Fatuma, Fatma na Fatima yote yapo kwenye vipande, na karani wa kule huandika jinsi masikio yake yalivyosikia. Mohamed ndiyo usiseme.

Dawa yake ni rahisi: kabla hajatuma, mpigie picha kipande chako umtumie. Anayetuma asilitaje jina kwa mdomo, amwonyeshe karani picha anakili herufi kwa herufi. Ukibadilisha kipande au ukipata pasipoti mpya yenye majina tofauti, mtumie picha nyingine.

Ikiwa kosa limeshatokea, usihangaike kuzunguka kwa mawakala wengine mjini. Wote wanasoma skrini ileile. Anayeweza kurekebisha ni aliyetuma, kwa kurudi alikotumia na risiti yake au kupiga simu kwa kampuni. Herufi moja mbili hurekebishwa haraka. Akitaka kubadilisha mpokeaji kabisa, mara nyingi huambiwa afute atume upya. Kumbuka pia kwamba Qatar, Saudia na Oman wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo kosa la Alhamisi jioni laweza kungoja.

Wengine huja na kipande cha mzazi aliyelala kitandani. "Nimemchukulia mama tu." Haiwezekani, hata ukiwa na barua ya chifu. Pesa ya dirishani hulipwa mwenye jina, akiwa amesimama mbele yetu na kitambulisho chake halisi. Fotokopi hatupokei, wala karatasi ya polisi ya kupotelewa na kipande. Kama mzee hatoki nyumbani, bora itumwe kwa jina la mtoto anayemtunza, au iingie moja kwa moja kwenye M-Pesa ya mzee mwenyewe. M-Pesa ina kikomo cha KSh 250,000 kwa muamala mmoja, na kwa matumizi ya nyumbani hicho chatosha kabisa.

Sasa lile la bei ya dola, maana hili nalo hutuletea lawama. Mtu ameona bei kwenye taarifa ya habari, akapiga hesabu, akakuta shilingi zimepungua, akasema tumekula. Bei ya kubadilishia hupangwa na kampuni iliyotuma, na risiti ya mtumaji kwa kawaida huonyesha shilingi utakazopokea. Sisi hatuigusi, wala wewe unayepokea hulipi ada. Faida ya kampuni imo ndani ya bei hiyo, na tangazo la "kutuma bure" halisemi hivyo. Mwambie aliye kule asilinganishe ada tu. Aulize kila kampuni: nikitoa riyali hizi, Mombasa zitafika shilingi ngapi? Inayotaja nyingi ndiyo nafuu.

Namba ya kupokelea usiisome kwa sauti kwenye foleni, na usiiweke kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mwonyeshe keshia tu. Na akija mtu usiyemjua akuombe umpokelee pesa kwa kipande chako akugawie kidogo, kataa. Jina litakalobaki kwenye kumbukumbu ni lako, na polisi watakuja kwako.

Kama ni kiasi kikubwa, cha kiwanja au karo ya muhula mzima, tupigie asubuhi kabla hujatoka ili tuandae noti. Kwenye simu tutajie kiasi tu. Namba njoo nayo mwenyewe. Ijumaa twafunga dirisha wakati wa swala, twafungua tena saa nane.