Barua kwa wanangu mlioanguka kura za maoni

Wanangu, hamjambo?

Nawaandikia ninyi mlioangushwa kwenye kura za maoni, pamoja na wenzenu wanaokaa vijiweni wakisema fulani "kapelekwa ubalozi" kwa sauti ile ile ya kutangaza msiba. Na mimi nilikuwa balozi, wa nyumba kumi, kwa hiyo mniwie radhi nikiongea kama mtu wa fani.

Mtazameni Mama Getrude Mongella. Mzaliwa wa Ukerewe, 1945. Akafundisha Chuo cha Ualimu Chang'ombe, akawa mkaguzi wa shule, na miaka ya 80 akawa waziri. Kuna wakati ardhi, maliasili na utalii vyote vilikuwa mezani pake. Mwaka 1991 akaenda India kuwa balozi wetu. Kwa hesabu za kijiweni, safari iliishia hapo.

Haukupita muda Umoja wa Mataifa ukamfanya Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, uliofanyika Beijing Septemba 1995. Angalieni cheo chenyewe: katibu. Si mwenyekiti. Katibu ndiye anayeandaa, anayebembeleza, anayehakikisha waliogombana jana wanarudi kikaoni leo. Kila bara lilikaa kwanza kivyake. Afrika ilikutana Dakar, Novemba 1994. Hata hivyo rasimu ilifika Beijing imejaa mabano. Ndivyo wafanyavyo wenzetu: neno lisilokubaliwa na wote linafungiwa ndani ya mabano, na halitoki humo mpaka wabishani waridhiane. Urithi wa mtoto wa kike ulibishaniwa hivyo, hawa wakitaka paandikwe "usawa", wale wakitafuta neno laini zaidi.

Mimi niliwahi kusuluhisha ugomvi wa ua wa minyaa kati ya ndugu wawili. Ulikula masika mawili. Kila nilipomwambia mmoja wao mbele za watu kwamba amekosea, tulianza upya. Siku nilipoacha kusema, wakamaliza wenyewe. Kwa hiyo nikisikia serikali 189 zilipitisha Azimio na Mpango wa Utekelezaji kule Beijing, ingawa baadhi ziliandikisha kutoridhika kwao na vifungu kadhaa, ninajua kuna watu hawakulala. Mtu aliyepita kwenye vikao vya kata na vya chama haendi huko mikono mitupu.

Huku nyumbani tukamwita Mama Beijing. Mtaani kwetu wanaume waligeuza jina hilo kuwa kejeli: mke akiuliza mshahara umeishia wapi, jibu ni "usiniletee Beijing". Nilikuwa nacheka, kisha nakasirika. Lakini mwaka 1999 sheria mpya za ardhi zilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na waliokuwa wakikejeli walikuwa na mabinti.

Mwaka 2004 Mama Mongella akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, lile lenye makao Midrand, Afrika Kusini, naye wakati huo ni mbunge wa Ukerewe. Mwaka 2010 kiti cha Ukerewe kikaenda upinzani. Silisemi hili kwa kumsimanga. Nalisema kwa sababu mnapenda sana kupiga picha za viwanja vya ndege. Mpiga kura wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe, anataka kukuona gatini, umesubiri kivuko kama yeye, umelowa kama yeye. Dunia ikikuita, nenda, ila ujue nyumbani kuna watu wanahesabu siku.

Sasa turudi kwenu. Mmeanguka, poleni. Wengine mmeshaanza kutafuta chama kingine, wengine mmefunga simu. Kikao cha mtaa wetu hakina katibu tangu mwaka jana. Posho hakuna, chai ipo, na kuna kesi mbili za mipaka ambazo mimi miguu hainiruhusu tena kuzifuata. Tunakaa Jumamosi saa kumi jioni, chini ya mwembe. Mje na daftari.