Waya wa ethi usikatwe kwa sababu ya mvumo wa amplifaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu desturi ambayo nimeikuta mara nyingi mno katika amplifaya za gitaa zinazoletwa barazani kwangu hapa Tanga, nayo ni ya kuukata waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaounganisha chuma cha chombo na ardhi, ili kuondoa mvumo katika spika. Mimi si fundi wa kulipwa. Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na kuunda na kutengeneza amplifaya ni burudani yangu ya jioni kama ilivyo bao kwa wenzangu, kwa hiyo sina biashara ninayoitetea katika haya nitakayoyaeleza.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayepiga gitaa la solo katika kwaya aliniletea amplifaya ya transista akilalamika kwamba anapoisogelea maikrofoni ili aimbe, midomo inamchoma kama ya mtu aliyeramba betri. Cha ajabu, alisema, siku ambazo amplifaya imeunganishwa na miksa, yaani chombo cha kuchanganya sauti, hasikii kitu, na siku inaposimama peke yake ndipo anapochomwa. Alidhani kosa ni la maikrofoni. Nilipofungua plagi nilikuta waya wa ethi umekatwa, ukakunjwa na kufungwa utepe mweusi kwa unadhifu mkubwa. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua kutumia mikono yake, lakini asiyejua waya ule uliwekwa kwa ajili ya nini. Fundi redio aliyemfanyia alimwahidi kwamba mvumo utakwisha, na kweli ulikwisha.

Wasomaji wengi pengine hawajui kwamba nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa kwa makusudi na bodi ya chuma ya amplifaya, kupitia daraja la gitaa na utando wa nje wa waya wa sauti. Ndiyo sababu kelele hupungua pindi mpigaji anapozigusa. Maana yake ni kwamba mpigaji, muda wote anaopiga, ameshika bodi ya amplifaya kwa mkono wake wa kushoto na wa kulia. Waya wa moto ukichubuka ndani na kuigusa bodi hiyo, iwe kwa meno ya panya au kwa unyevu na chumvi ya pwani, ethi iliyo nzima huruhusu umeme mwingi kupita ghafla, fyuzi inaungua, wimbo unakatika katikati na watu wananung'unika. Ethi ikiwa imekatwa, fyuzi haiungui. Bodi inakaa kimya na volti zake 230 ikimngoja mtu anayeshika nyuzi aguse kitu kingine kilichounganishwa na ardhi, na katika jukwaa kitu hicho karibu kila mara ni maikrofoni. Kijana wangu hakuwa amefikia hatua hiyo, kwani alichokisikia kilikuwa umeme mdogo tu unaovuja katika transfoma hata ikiwa nzima. Siku za miksa umeme huo ulikuwa ukipitia utando mwembamba wa waya wa sauti, ambao haukutengenezwa kubeba mzigo wa hitilafu kubwa.

Hili si jambo la kutishana. Tarehe 3 Mei 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na ethi. Miaka minne baadaye, Mei 1976, Keith Relf aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo ethi yake haikuwa sawa. Natoa mifano ya Uingereza kwa sababu plagi yetu ya miguu mitatu ilitoka huko, na ule mguu wa juu ulio mrefu kuliko mingine ulirefushwa ili ethi iwe ya kwanza kuungana na ya mwisho kuachana. Sisi tumegeuza tundu lake kuwa mahali pa kuchomeka kijiti cha kiberiti au mfuniko wa kalamu ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia.

Sasa nirudi kwenye mvumo wenyewe, maana fundi anayekata ethi hakati kwa ubaya, anakata kwa sababu mteja amesimama mlangoni na kelele haijaondoka. Mvumo una asili yake, na mpiga gitaa ana masikio ya kuitambua kuliko fundi mwenye mita. Umeme wetu una mzunguko wa hezi 50. Mvumo unaotokana na kapasita za kuchuja, zile zinazohifadhi umeme na kuulainisha, zilizochoka huwa wa hezi 100, ambao uko juu kidogo tu ya sauti unayoipata ukibonyeza kituo (freti) cha tatu cha uzi mnene kuliko zote, yaani sol ya hezi 98. Ukisikia mvumo wa kimo hicho, na unaendelea hata sauti ikipunguzwa hadi mwisho, badilisha kapasita. Joto huzikausha, na hakuna waya wa kukata utakaozifufua. Mvumo ulio chini yake kwa oktavu nzima ndio wa hezi 50, na huo mara nyingi unatoka nje: waya wa sauti ambao utando wake umekatika, gitaa lililo karibu mno na transfoma, au mzunguko wa ethi. Nakiri kwamba sauti hizi huchanganyika na kuna siku sikio langu limenidanganya, lakini ni mwanzo bora kuliko kisu.

Mzunguko wa ethi ndio hasa uliomponza kijana wangu. Amplifaya yake ilichomekwa katika soketi ya jukwaani, miksa ikapata umeme wake kutoka chumba cha ofisi kwa ekstensheni ndefu, kisha viwili hivyo vikaunganishwa kwa waya wa sauti. Hapo kunakuwa na njia mbili za kwenda ardhini, nazo zikikutana zinafanya duara linalonasa mvumo. Ukikata ethi ya amplifaya duara linavunjika, ndiyo maana dawa hiyo inaonekana kufanya kazi. Lakini duara linaweza kuvunjwa upande wa sauti: kwanza chomeka vyombo vyote katika ekstensheni moja, na ikishindikana weka kati ya amplifaya na miksa kisanduku chenye transfoma ndogo ya sauti, kinachopitisha muziki bila kuunganisha bodi mbili.

Kwa wenzangu wa burudani hii wanaopata amplifaya za vali za Marekani za miaka ya 1960 kutoka kwa ndugu waliokaa ughaibuni, ninaongeza neno moja. Nyingi zilitoka kiwandani na waya wa njia mbili tu, na kapasita ya takriban mikrofaradi 0.047 iliyofungwa kati ya umeme wa ukutani na bodi. Mafundi wa huko wenyewe huiita kapasita ya kifo. Ing'oeni, wekeni waya wa njia tatu, na ethi ifungwe kwenye bodi kwa bolti yake yenyewe, isichangie bolti ya transfoma. Mkumbuke pia kwamba kapasita za ndani huweza kubaki na volti 300 au 400 hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo zitoeni umeme kupitia rezista na kuzipima kabla ya kuingiza kidole. Amplifaya mliyoifungua huwashwa mara ya kwanza ikiwa imefungwa mfululizo, yaani umeme wake upitie kwanza katika balbu ya wati 100, zile za waya wa ndani tunazopashia vifaranga joto, kwani balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti ndani. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazifai kwa kazi hii.

Kwa viongozi wa kwaya, wenye kumbi na wenye bendi, ombi langu halihitaji fundi. Chomoa plagi, weka mita katika kipimo cha omu, gusa mguu mrefu wa plagi kwa ncha moja na chuma tupu cha bodi kwa nyingine. Mita ikionyesha zaidi ya omu 1, amplifaya hiyo isipande jukwaani. Soketi nazo zikaguliwe na mwenye leseni, kwa kuwa nimewahi kukuta ukumbi ambao waya wa shaba wa kwenda ardhini ulishaibwa siku nyingi, na iwekwe ile swichi inayokata umeme pindi unapovuja kufikia miliampea 30.

Amplifaya ya yule kijana niliirudishia waya wake, nasi tukavihamishia vyombo vyote katika ekstensheni moja. Midomo haimchomi tena. Umebaki mvumo mdogo unaosikika watu wanapoinamisha vichwa kusali, na mwalimu wa kwaya ameshaniuliza kama hakuna waya wowote ninaoweza kuukata. Nimemwambia asubiri barua hii itoke gazetini.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga