Sio kila AC isiyopoza imeishiwa gesi

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linalonikera kazini, mimi ni fundi umeme wa magari na AC ndo kazi ninayoshika zaidi. Mtu akilalamika AC ya gari yake inapuliza joto anapewa jibu kabla hata bonneti haijafunguliwa, "gesi imeisha bosi, tujaze". Inajazwa, inapoza siku mbili tatu au haipozi kabisa, anarudi, anajaziwa tena, mwisho anaambiwa kompresa (pampu inayosukuma gesi) imekufa nunua nyingine nzima. Na mara nyingi kumbe kilichochakaa ni klachi tu, ile iliyokaa mbele ya kompresa kuiunganisha na mkanda wa injini, ambayo unaifungua na kuifunga bila kutoa hata gramu moja ya gesi.

Tuanze na hiyo gesi maana ndo inayosingiziwa. Gesi ya AC haichomwi ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kompresa inaigandamiza, ikifika kwenye kondensa pale mbele ya rejeta inapoa na kuwa kimiminika, inapita kwenye tundu jembamba la valvu inashuka presha, inachemka ndani ya evaporeta kule nyuma ya dashibodi ikinyonya joto la ndani ya gari, halafu inarudi kwenye kompresa. Ni kweli kwa miaka mingi inapenya taratibu kwenye hozi na O-ringi (mipira ya duara ya kuziba maungio), lakini ukijaza leo na baada ya mwezi imepungua basi kuna mahali inavuja, na kujaza tena bila kutafuta hapo mahali ni kuimwaga hewani kwa awamu. Na hii gesi ya R-134a iliyo kwenye magari mengi ina uwezo wa kuongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,300 ukilinganisha na uzito uleule wa kaboni dioksidi, ndo maana mwaka 2016 nchi zilikubaliana pale Kigali kupunguza gesi za familia yake.

Kingine, geji ya kupima presha haikwambii kuna gesi kiasi gani. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, presha ya R-134a inafuata joto la hewa, kwenye nyuzi 30 za Selsiasi utasoma karibu psi 97 pande zote mbili, na utasoma hivyohivyo iwe imejaa vizuri au imepungua, ilimradi ndani bado kuna kidogo kilicho kimiminika. Kwa hiyo fundi anayechomeka geji gari ikiwa imezimwa na kusema "naona imepungua nusu" anabahatisha. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya bonneti, kwa gramu, na gesi inapimwa kwa mzani. Ikizidi ni shida vilevile, presha inapanda, AC inapoza vibaya na kompresa inabeba mzigo usio wake.

Sasa klachi. Puli ya kompresa inazungushwa na mkanda wa injini muda wote, AC iwe imewashwa au la, ila kompresa yenyewe inatulia mpaka ubonyeze swichi, hapo umeme unaingia kwenye koili iliyo nyuma ya puli, inakuwa sumaku, inavuta lile sahani la mbele linagandana na puli na vyote vinazunguka pamoja. Kati ya sahani na puli kuna mwanya mdogo sana, kwenye gari nyingi ni kama milimita 0.3 mpaka 0.6, kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha gari. Kila AC inapojiwasha na kujizima nyuso hizo mbili zinasuguana kidogo, miaka inapita, zinalika, mwanya unapanuka.

Na hapo ndo panapotokea ule ugonjwa unaowachanganya watu, asubuhi AC inapoza vizuri kabisa, ukikaa kwenye foleni nusu saa inaanza kutoa joto, ukizima gari ikapoa inarudi kama kawaida. Sababu ni shaba. Koili ikipata joto la injini ukinzani wake unapanda, kutoka nyuzi 20 mpaka 100 unaongezeka karibu theluthi moja, umeme unaopita unapungua, sumaku inalegea na haiwezi tena kuvuta sahani lililo mbali. Sasa wewe kwenye ugonjwa huo unaongeza gesi! Gesi ingekuwa haipo asubuhi isingepoza.

Kupima sio kazi ngumu. Gari ikiwa kwenye ile hali ya kugoma, washa AC na uangalie uso wa kompresa, sahani likiwa limesimama huku puli inazunguka klachi haijashika. Pima umeme kwenye plagi yake. Kama voti 12 hazifiki basi tatizo liko nyuma huko, fyuzi, rilei, swichi ya presha (na hii swichi inakata kweli kama gesi imeisha, sikatai, ila hiyo unaithibitisha na geji) au kompyuta ya gari imekataa. Kama umeme unafika na earth ni nzima lakini sahani halisogei, zima gari, chomoa plagi upime koili kwa mita, nyingi zinasoma om 3 mpaka 5, mita isiposoma kitu koili imeungua. Koili ikiwa nzima ingiza filagheji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kwenye mwanya, pima sehemu tatu tofauti kuzunguka sahani. Kuna mafundi wanagonga sahani kwa kijiti injini ikiwa inaunguruma waone kama litashika, inafanya kazi ila mkanda haujui mkono wa nani, mwenye gari usijaribu.

Beringi ya puli ina dalili yake. Inalia muda wote injini ikiwaka, AC iwe imezimwa au imewashwa. Kelele ikija tu pale AC inaposhika, shuku ndani ya kompresa au mkanda unaoteleza. Ukitaka uhakika vua mkanda uzungushe puli kwa mkono, beringi iliyokufa utaisikia inakwaruza.

Kwenye kubadilisha, mwanya ukiwa umezidi kidogo na nyuso bado nzuri hununui kitu. Unafungua boliti ya katikati, unavuta sahani kwa puler, kifaa cha kuvutia (sio kulitekenya na bisibisi mpaka lipinde), nyuma yake utakuta washa (vibati vya duara vyenye tundu) nyembamba, unatoa moja au unaweka nyembamba zaidi, unarudisha, unapima. Kama nyuso zimebabuka na kuwa za bluu kwa joto badilisha sahani na puli kwa pamoja, sahani jipya kwenye puli iliyolika halidumu. Koili inatoka baada ya kufungua saklipu (pete ya chuma inayoishikilia), na ina kapini kake kanakokaa kwenye tundu lake, usiilazimishe. Usiguse nyuso za msuguano na mikono yenye grisi. Ukimaliza kaza boliti kwa kipimo, halafu washa na kuzima AC mara kadhaa nyuso zikazoeana.

Ila kabla hujafunga mpya jiulize ya zamani imekufa kwa nini. Ukikuta oili imetapakaa kwenye pua ya kompresa, sili ya shafti inavuja na klachi mpya italoa uteleze uleule. Feni ya kondensa iliyochoka nayo inapandisha presha mpaka klachi inateleza na kuungua, gesi iliyojazwa kupita kiasi hivyohivyo, na ndo nasema huyu anayeongeza gesi kila mwezi anaweza kuwa yeye ndiye anayeua klachi anayokuja kuilaumu.

Zipo kompresa zilizokufa kweli. Upande wa presha ndogo unapanda, upande wa presha kubwa unashuka, vinakaribiana huku klachi imeshika vizuri, hapo ndani kumelika. Hiyo ukibadilisha bila kusafisha mabomba, bila draya mpya (kopo la kunyonya unyevu), O-ringi mpya na vakyumu (kuvuta hewa yote iliyo ndani), vumbi la chuma la ile ya zamani linaingia kwenye mpya.

Na tahadhari kwa wenzangu, maelezo yangu ya klachi ni ya kompresa za mkanda zenye klachi. Kuna za kisasa puli na shafti vinazunguka pamoja muda wote na kinachorekebisha ni valvu ya umeme ya nyuma, ukitafuta klachi hutaipata. Kwenye haibridi nyingi kompresa inaendeshwa na umeme wa voti zaidi ya 200 kupitia nyaya za rangi ya chungwa, na oili yake sio ile ya kawaida ya PAG, ukiichanganya unaharibu insulesheni ya mota iliyo ndani. Hizo kama hujafundishwa mwambie mteja ukweli ampeleke kwa anayezijua.

Fundi umeme wa magari, msomaji wako